Goldman: Mwuza vyakula aliyekitia kikapu magurudumu

YEYOTE anayejiandaa kufungua duka la kujihudumia katika jiji la Nakuru, au katika miji jirani kama vile Molo, Njoro, Gilgil na Naivasha, hukabiliwa na maswali mengi kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Atakodi jengo katika barabara ipi? Atapanga rafu ngapi? Atawaajiri makeshia wangapi?

Lipo swali moja ambalo aghalabu huachwa hadi mwisho, kisha likajibiwa kwa pupa. Je, mteja atabebea nini bidhaa anazozichagua?

Majibu ya swali hilo ni matatu. Kuna kikapu cha kawaida kinachoshikwa kwa mkono. Kuna toroli ya chuma inayosukumwa kwa mikono miwili. Na kati ya hivyo viwili kuna kikapu cha plastiki chenye magurudumu na mpini mrefu, ambacho mteja hukikokota nyuma yake kama msafiri anayevuta sanduku kituoni.

Wafanyabiashara wengi hudhani kwamba uamuzi huo ni wa bei tu; kwamba mwenye fedha nyingi hununua toroli na mwenye fedha kidogo hununua vikapu. Historia inatufunza vingine. Swali hilo hilo lilimkosesha usingizi mwuza vyakula mmoja wa Marekani mnamo mwaka 1936, na jibu alilolipata likabadilisha namna ambavyo ulimwengu hununua chakula. Mtu huyo aliitwa Sylvan Nathan Goldman.

Ni haki kwa wakazi wa Bonde la Ufa kuyafahamu maisha yake, kwa kuwa eneo hili ndilo kitovu cha maduka makubwa ya Kenya. Jina Nakumatt lilikuwa kifupisho cha Nakuru Mattresses, duka la magodoro lililozaliwa Nakuru. Tuskys, iliyojulikana awali kama Tusker Mattresses, ilianzishwa katika eneo la Nakuru na hayati Joram Kamau, aliyefariki mwaka 2002. Naivas nayo ilianzia Rongai, kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, mwaka 1990, chini ya nduguye Kamau, hayati Peter Mukuha Kago, aliyefariki mwaka 2010.

Maduka hayo yote yalijengwa juu ya wazo moja, kwamba mnunuzi aachwe aingie, ajichagulie na kujibebea mwenyewe. Hatua ya mwisho ya wazo hilo, ya kumpa mnunuzi magurudumu, ndiyo iliyoletwa na Goldman.

Alizaliwa tarehe 15 Novemba mwaka 1898 katika mji mdogo wa Ardmore. Wakati huo sehemu hiyo ilikuwa eneo lililotengewa Wenyeji Asilia wa Marekani, na ilisalia miaka tisa kabla ya kuwa sehemu ya jimbo la Oklahoma. Babake, Michael Goldman, alikuwa Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Latvia na kujipatia riziki kwa biashara ya duka. Kijana Sylvan alikulia miongoni mwa vitambaa, viatu na daftari za wadeni.

Goldman alikuwa bado mtoto mdogo wakati reli kutoka Mombasa ilipofika Nakuru mwaka 1900. Nyuma ya reli hiyo walifuata wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka ya mabati kando ya stesheni. Ingawa Ardmore na Nakuru zilitenganishwa na bahari na bara, mtu aliyeingia dukani katika mji wowote kati ya hiyo angekuta utaratibu ule ule.

Mwenye duka alisimama nyuma ya kaunta. Mteja alisimama mbele yake na kutaja alichokitaka. Mwenye duka aligeuka, akakichukua kwenye rafu, akakipima, akakifunga na kukiandika. Mteja hakugusa chochote hadi alipokilipia.

Utaratibu huo haujafa. Katika vibanda vya mtaa wa Kaptembwa au Rhonda, mnunuzi bado huomba nusu kilo ya sukari akiwa nje ya dirisha lenye nondo. Mwenye kibanda hahitaji kikapu wala toroli, kwa sababu mteja hatembei humo ndani.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Goldman alijiunga na jeshi la Marekani na kupelekwa Ufaransa, alikofanya kazi ya kuwatafutia wanajeshi chakula. Vita vilipokwisha alirejea nyumbani na kushirikiana na kakake, Alfred, kuuza matunda na mboga kwa jumla huko Breckenridge, jimbo la Texas. Mji huo ulikuwa umefurika watu waliokimbilia mafuta ya petroli. Neema hiyo haikudumu, na biashara ya ndugu hao ikaporomoka pamoja nayo.

Badala ya kukata tamaa, walifunga safari hadi California kujifunza mtindo mpya wa uuzaji. Mtindo huo ulikuwa umeanzishwa mwaka 1916 katika mji wa Memphis na Clarence Saunders, mwenye maduka ya Piggly Wiggly. Saunders aliiondoa kaunta iliyomtenga mteja na bidhaa. Mteja alipewa kikapu mlangoni, akapita kati ya rafu akijichagulia, kisha akalipa alipokuwa akitoka.

Hapo ndipo kikapu cha dukani kilipopata umuhimu. Zamani mteja alikuja na kikapu chake kutoka nyumbani, kama vile akina mama wa Bonde la Ufa walivyobeba viondo vyao kwenda sokoni. Sasa kikapu kilikuwa chombo cha mwenye duka, na ni yeye aliyeamua ukubwa wake.

Ndugu wawili hao walirudi Oklahoma wakiwa na elimu hiyo. Mwaka 1920 walifungua duka lao la kwanza la Sun mjini Tulsa, na katika muda wa miaka michache tu walikuwa na maduka zaidi ya 50. Mwaka 1929 waliyauza kwa kampuni kubwa iliyokuwa ikinunua maduka ya vyakula kote magharibi mwa nchi hiyo.

Yamkini wangestarehe maisha yao yote kwa fedha hizo. Hata hivyo, mwaka uo huo soko la hisa la Marekani lilianguka, na mali ya akina Goldman, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa katika hisa, ikayeyuka. Akiwa na umri wa takriban miaka 30, Sylvan Goldman alikuwa ameanguka kwa mara ya pili.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndugu hao walihamia Oklahoma City na kuanza upya kwa maduka ya Standard. Mwaka 1931 Sylvan alimwoa Margaret Katz, na baadaye wakajaliwa wavulana wawili. Mwaka 1934 alinunua maduka mengine yaliyoitwa Humpty Dumpty. Hicho kilikuwa kipindi cha Mdororo Mkuu wa uchumi. Watu hawakuwa na fedha, na kila mwuzaji aliteremsha bei ili ampokonye jirani yake mteja.

Wafanyabiashara wengi wa wakati huo walitafuta faida kwenye rafu na kwenye bei. Goldman aliitafuta kwenye mkono wa mteja.

Alipokuwa akizunguka madukani mwake, aligundua jambo ambalo wengine walikuwa wakiliona kila siku bila kulitilia maanani. Mteja hakuelekea kwenye malipo kwa sababu alikuwa amemaliza haja zake. Alielekea huko kwa sababu kikapu kilikuwa kimejaa, au kwa sababu mkono ulikuwa umechoka. Mama aliyekuwa na mtoto mkono mmoja na kikapu mkono wa pili alichoka mapema zaidi.

Kwa maneno mengine, kipimo cha mauzo ya duka hakikuwa njaa ya mteja wala hata pochi yake. Kilikuwa nguvu ya mkono wake.

Mwanzoni Goldman alijaribu dawa nyepesi. Aliwaagiza wafanyakazi wake wawe macho, na kila walipomwona mteja ambaye kikapu chake kinakaribia kujaa, wampe kingine kitupu na kumpelekea kile cha kwanza kwenye kaunta ya malipo. Mbinu hiyo ilisaidia kiasi, lakini ilihitaji wafanyakazi wengi na haikuweza kumfikia kila mteja.

Usiku mmoja wa mwaka 1936, akiwa peke yake ofisini, macho yake yalikiangukia kiti cha kukunja. Alianza kuwaza. Ingekuwaje kama kikapu kingewekwa mahali pa kukalia, kikapu cha pili kikawekwa chini yake, na miguu ya kiti ikatiwa magurudumu?

Alimshirikisha fundi wake, Fred Young, na kwa muda wa miezi kadhaa wawili hao wakaunda, wakavunja na kuunda tena. Haikuwa kazi rahisi. Chombo kilipaswa kuwa imara kisije kikajikunja chenyewe kinapogonga kitu, na wakati huo huo kiwe chepesi kiasi cha kusukumwa na ajuza.

Walichokipata hatimaye kilikuwa fremu ya chuma yenye magurudumu manne na vikapu viwili vya waya, kimoja juu ya kingine. Mteja alipomaliza, vikapu viliondolewa na kupangwa kimoja ndani ya kingine, na fremu ikakunjwa na kuegemezwa ukutani.

Hapa pana funzo la kwanza kwa anayechagua vikapu vya duka lake leo. Goldman hakuwaza tu jinsi chombo kitakavyofanya kazi kikiwa na bidhaa. Aliwaza pia kitakaa wapi kikiwa kitupu. Duka linalokodiwa kwa kila futi ya mraba katikati mwa Nakuru haliwezi kupoteza kona nzima kwa vikapu visivyoingiana. Kikapu kizuri cha magurudumu ni kile ambacho kumi vikipangwa, huchukua nafasi ndogo mlangoni na haviwakwazi wanaoingia.

Tarehe 4 Juni mwaka 1937, baada ya kutangaza katika magazeti kwamba enzi ya kubeba vikapu vizito imekwisha, Goldman alikwenda katika duka lake akitarajia kukuta umati uking'ang'ania toroli. Alichokikuta kilimvunja moyo. Duka lilikuwa na watu wengi, lakini takriban wote walikuwa wamebeba vikapu vya mkono kama jana na juzi, na toroli zimesimama kando.

Sababu zilikuwa za kibinadamu kabisa. Wanaume, hasa vijana, waliona kwamba kusukuma kigari ni kukiri hadharani kwamba mikono yao haina nguvu. Wanawake vijana waliona kwamba kinafanana na kigari cha kumsukumia mtoto, na kazi hiyo walikuwa nayo ya kutosha nyumbani. Wazee nao hawakupenda kuonekana kama watu wasiojiweza.

Waswahili husema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Kisa cha Goldman kinautia methali hiyo mtihani mgumu. Chombo chake kilikuwa chema, tena kilitolewa bure kwa mteja, na bado hakikujiuza. Ikabidi kitembezwe.

Naye alikitembeza hasa. Aliwaajiri watu wa rika mbalimbali, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, akawaambia wazunguke dukani wakisukuma toroli na kuzijaza bidhaa kana kwamba wao ni wateja wa kawaida. Mlangoni alimweka msichana wa kuwakaribisha wanaoingia, akiwapa toroli na kuwaonyesha jinsi wenzao walivyokuwa wakizitumia bila shida.

Aibu iliyeyuka. Mzee alipomwona mzee mwenzake akisukuma, naye alisukuma. Kijana alipomwona kijana mwenzake hakuchekwa, naye alishika mpini. Haukupita muda mrefu kabla ya toroli kuwa jambo la kawaida katika maduka yake yote.

Hata wenye maduka wengine walikuwa wagumu kushawishika. Baadhi yao walihofia kwamba watoto wangezigeuza toroli kuwa mchezo na kuvunja bidhaa. Goldman aliwatengenezea filamu fupi iliyoonyesha wateja wakizitumia kwa utaratibu, na polepole maagizo yakaanza kumiminika. Aliunda kampuni ya kuzitengeneza, na tarehe 9 Aprili mwaka 1940 alipewa hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi huo.

Hilo ndilo funzo la pili, na pengine ndilo kubwa kuliko yote. Anayechagua chombo cha mteja huchagua pia sura ambayo mteja ataonekana nayo mbele ya watu. Katika miji ya Bonde la Ufa, mtu aliyekuja kununua mkate na pakiti mbili za maziwa huikwepa toroli kubwa. Anahofia kwamba kila mtu ataona jinsi ilivyo tupu. Mtu huyo huyo akipewa kikapu kidogo cha kukokota huenda akakichukua bila kujifikiria mara mbili, kwa sababu hakimtangazi kuwa tajiri wala maskini.

Uvumbuzi wa Goldman haukukamilika mikononi mwake. Mwaka 1946, katika Kansas City, mvumbuzi mwingine aitwaye Orla Watson alibuni toroli ambayo haikuhitaji kukunjwa. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa na bawaba na uliweza kuinuka, hivi kwamba toroli moja iliingia ndani ya nyingine. Kila anayeingia leo katika supamaketi jijini Nakuru na kukuta msururu wa toroli zilizomezana huiona kazi ya Watson.

Goldman aliona hatari. Alitengeneza toroli yake ya kuingiana na kuomba hataza, na mzozo ukazuka baina yao. Mwaka 1949 walipatana. Goldman aliacha madai yake na kuikubali haki ya Watson, naye akapata kibali cha kuendelea kutengeneza toroli za aina hiyo. Aliijua thamani ya kushindwa hoja ili biashara iendelee.

Baadaye toroli ziliongezewa kiti cha mtoto. Jambo hilo ndilo lililomkamilishia mama haja ambayo Goldman aliiona tangu mwanzo. Katika Bonde la Ufa mama humbeba mwanawe mgongoni kwa leso, na mikono yake yote miwili huwa huru. Lakini mtoto anapokuwa mzito na anataka kushuka, kiti hicho humwokoa mama na bidhaa za rafu za chini.

Hata hivyo, haitakuwa sawa kumsifu Goldman bila kutaja upande wa pili wa uvumbuzi wake. Mkono uliochoka ulikuwa kizuizi kwa mwenye duka, lakini ulikuwa pia mshauri wa mnunuzi. Ulimwambia imetosha. Magurudumu yaliunyamazisha ushauri huo. Toroli haichoki, na nafasi iliyobaki ndani yake humvuta mtu aijaze.

Wanaoishi kwa mshahara hulifahamu jambo hili. Mwishoni mwa mwezi mtu huingia dukani na orodha ya vitu sita, akatoka na vitu kumi na tano. Wengine hufika kwa keshia, wakaona jumla, kisha wakalazimika kurudisha hiki na kile huku foleni nzima ikitazama. Fedheha ambayo Goldman aliiondoa mlangoni inaweza kumrudia mteja kwenye malipo, na mteja aliyefedheheka hurejea mara chache.

Kwa hivyo mwenye duka mwenye busara hachagui chombo kikubwa kuliko haja za wateja wake. Anachagua kinachowafaa, kwa kuwa duka hustawi kutokana na mteja anayerudi kila wiki wala si yule anayeporwa mara moja.

Ni vyema basi kuyatafsiri maisha ya Goldman kwa lugha ya duka la Nakuru. La kwanza ni njia kati ya rafu. Ikiwa watu wawili hawawezi kupishana wakiwa na toroli, toroli hazifai, hata zikiwa za bei nafuu. Vikapu vya kukokota hupita mahali pembamba, ingawa kwa kuwa huwa nyuma ya mwenye kuvivuta, huweza kumkwaa mtu mwingine miguuni palipo na msongamano.

La pili ni sakafu. Magurudumu madogo ya plastiki huteleza vizuri kwenye vigae, lakini kwenye saruji yenye nyufa hukwama na kupiga kelele. Vumbi la Nakuru linajulikana, hasa wakati wa kiangazi, na vumbi pamoja na nywele na nyuzi huzonga ekseli za magurudumu. Kikapu ambacho magurudumu yake hayawezi kufunguliwa, kusafishwa na kubadilishwa kitageuka takataka upesi.

La tatu ni uzito wa bidhaa zenyewe. Pakiti ya unga wa mahindi ni kilo 2, na bunda la pakiti 12 ni kilo 24. Duka linalowauzia watu wa mashambani kutoka Rongai, Subukia au Elburgon, wanaonunua kwa bunda na mafuta ya kupikia kwa mtungi wa lita 20, halina budi kuwa na toroli za chuma. Duka la mtaani linalouza mkate, sabuni na maziwa jioni litahudumiwa vyema na vikapu vya mkono pamoja na vichache vya magurudumu.

La nne ni safari ya mteja baada ya kulipa. Mteja wa Oklahoma wa mwaka 1937 angeweza kuwa na gari nje. Wateja wengi wa Nakuru huondoka kwa miguu, kwa matatu au kwa bodaboda. Tangu tarehe 28 Agosti mwaka 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wengi wao pia huja na mifuko na vikapu vyao wenyewe. Mtu wa bodaboda anajua kabla hajaingia kwamba hawezi kubeba zaidi ya kinachotosha mapajani pake. Toroli kubwa haitambadilishia usafiri.

La tano ni wazee, wajawazito na wenye ulemavu. Kikapu cha kukokota kina kina kirefu, na kutoa bidhaa chini yake humlazimu mtu kuinama. Anayeumwa mgongo hupata nafuu zaidi kwenye toroli ndogo ya kusukuma. Kwa sababu hiyo, duka bora halichagui aina moja. Huchanganya, kisha hutazama ni zipi zinazochukuliwa na ni zipi zinazobaki mlangoni.

Na baada ya hayo yote, lipo jambo ambalo hakuna kikapu kinachoweza kulitatua. Nakumatt ilikuwa na toroli za kutosha katika matawi zaidi ya 60 ndani na nje ya Kenya, lakini ilizama katika madeni, na Januari mwaka 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura kuivunja. Tuskys nayo ilianza kufunga matawi yake mwaka 2020 huku wauzaji waliokuwa wakiipa bidhaa wakidai fedha zao. Wafanyakazi na wakulima wa Bonde la Ufa walikuwa miongoni mwa walioathirika. Naivas iliyoanzia Rongai ilibaki imesimama.

Goldman angeuelewa msiba huo, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuamka asubuhi mali yake ikiwa imetoweka. Aliporejea, hakurejea na fahari ya majengo. Alirejea kwa kutazama mambo madogo.

Katika miaka yake ya baadaye alibuni vifaa vingine, kikiwemo kigari cha kubebea mizigo ya wasafiri, akaingia katika biashara ya ardhi na majengo, na kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Oklahoma. Alitoa sehemu ya utajiri wake kwa jamii, na kituo cha kukusanyia damu jijini Oklahoma City kilipewa jina lake.

Alifariki tarehe 25 Novemba mwaka 1984, siku kumi baada ya kutimiza miaka 86, na muda mfupi tu baada ya kifo cha mkewe, Margaret. Wakati huo supamaketi zilikuwa bado chache nchini Kenya. Uchumi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1975, na Wakenya wengi walikuwa hawajawahi kusukuma toroli.

Leo chombo chake kimeenea kila mahali hivi kwamba hakuna anayemkumbuka aliyekibuni. Huenda hiyo ndiyo heshima kubwa anayoweza kuipata mfanyabiashara, kitu chake kikawa cha kawaida kama mlango.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi agizo la vikapu, mwenye duka wa Nakuru angefanya vyema kusimama siku moja karibu na mlango wa duka lake na kuiga kazi ya Goldman. Awatazame wateja wanaobadilisha mkono kwa sababu ule wa kwanza umechoka. Awatazame wanaokumbatia bidhaa kifuani kwa kuwa hawakutaka kikapu, na wale wanaoigusa toroli kisha wakaiacha.

Idadi na aina ya vikapu anavyovihitaji imo katika mikono hiyo.